Ardhi Isiyolambwa

Wapo watu walioharibiwa kazi na bosi, na wapo walioharibiwa na pombe. Mimi niliharibiwa na ng'ombe. Leo nalisema hili nikicheka, lakini kwa miaka mitatu mtu akitaja ng'ombe mbele yangu nilibadilisha mazungumzo, na akitaja chumvi niliondoka kabisa.

Kazi yangu ni kebo za umeme zinazopita chini ya ardhi, zile nene za volti elfu kumi na moja. Watu wa Migori mjini wakiniona na buti zangu za mpira huniuliza kama natengeneza mabomba ya maji, nami sibishani nao. Ukiikata kebo yenyewe utaona nyaya tatu zinazobeba umeme, kila moja imevishwa plastiki nene. Juu ya plastiki kuna utepe wa shaba, na juu ya yote kuna nyaya za chuma za kuilinda na jembe. Ule utepe na zile nyaya za chuma siku za kawaida hazina kazi. Zinangoja siku mbaya. Siku mtu atakapoipiga kebo sururu, umeme utarukia kwenye shaba na chuma, na hapo lazima ukute njia pana ya kwenda ardhini, ili swichi kubwa ishtuke na kuzima mara moja. Usipoikuta njia hiyo, utajitafutia yake: ua wa chuma, bomba, au miguu ya mtu.

Ndiyo maana kila upande wa kebo tunafunga waya mnene wa shaba unaoshuka hadi kwenye nondo za shaba zilizopigwa ardhini. Kisha tunapima kama ardhi inapokea. Ardhi nayo ina kiburi chake. Ya mwamba na changarawe hukataa, yenye udongo wa unyevu hupokea. Kipimo chake huitwa omu, na kadiri omu zinavyopungua ndivyo ardhi inavyokubali. Mikataba yetu ilitaka chini ya tano.

Huko Kegonga, upande wa Kuria, tulipitisha kebo fupi kutoka nguzo ya barabarani hadi transfoma ya sokoni. Kilikuwa kiangazi, na ile sehemu tuliyopewa ilikuwa changarawe tupu. Nilipima nikapata ishirini na mbili. Nikaongeza nondo, ikawa kumi na nane. Mhandisi mkaguzi alikuwa anakuja kesho yake. Basi nikafanya walichonifundisha mafundi walionitangulia, jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuliandika popote. Nilinunua magunia mawili ya chumvi ya mawe, nikaimwaga kwenye mashimo ya nondo, nikailoweka kwa maji, nikafukia. Kesho yake mita ilisoma nne. Nikatia saini kwenye fomu, pale palipoandikwa "Aliyepima", nikarudi Migori nikijiona mwanamke wa shoka.

Nilikuwa nimezika chumvi katika nchi ya ng'ombe. Sijui akili yangu ilikuwa wapi. Mimi mwenyewe nimekulia kwenye boma lenye ng'ombe, na najua ng'ombe anaweza kuiacha nyasi mbichi akafuata ukuta wenye chumvi. Wale wa Kegonga walinusa, wakachimba kwa kwato, wakalamba. Walilamba miezi. Mhandisi aliporudi kwa ukaguzi wa mwisho aliniita, nikakuta mashimo mawili makubwa ya kutosha kumwogeshea mtoto mchanga. Kibano kilichoshika waya kwenye nondo kilikuwa kimeng'oka, na waya wenyewe ulining'inia hewani, uking'aa kwa kulambwa.

Mwenye ng'ombe alikuwepo, mzee mmoja mchangamfu ambaye kila alasiri aliegemea ua wa chuma wa transfoma huku mifugo yake ikistarehe. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama, asante sana," akaniambia. "Hii chumvi mlituletea ni tamu kushinda ya duka. Ng'ombe wangu wamenenepa."

Wote walicheka, hata mhandisi. Mimi nilimtazama yule mzee akirudi kuuegemeza mgongo wake kwenye kile chuma, chuma ambacho hakikuwa tena na njia ya kwenda ardhini. Angekufa siku yoyote, akiwa ameegemea saini yangu.

Nililipia. Mkurugenzi wa kampuni yetu, mama mmoja asiyepandisha sauti, aliniambia nitaendelea kuunganisha kebo kwa sababu mikono yangu ni mizuri, na nitaendelea kupima, lakini sitatia saini. Atasaini mwingine. Mafundi wenzangu wakanipa jina la Kijaluo, Nyar Chumbi, yaani binti wa chumvi. Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp mtu alitengeneza picha ya ng'ombe ametoa ulimi, na kila nilipoandika neno, hata la pole kwa mfiwa, ng'ombe yule alitumwa chini yake. Miaka mitatu nilipima, na mwanamume aliyesimama pembeni akichezea simu ndiye aliyeandika jina lake. Wivu huo usikie tu kwa watu.

Ndipo ikaja kazi ya Homa Bay. Palikuwa panajengwa kiwanda kidogo cha barafu karibu na ufuo, cha kuhifadhi samaki aina ya mbuta wanaoletwa kutoka Remba na visiwa vingine. Kebo yetu ilitoka kwenye nguzo ya barabarani, ikateremka mtaroni, ikapinda mara moja, ikafika kwenye transfoma ya kiwanda. Mkurugenzi aliniita ofisini.

"Mkaguzi ni yule yule wa Kegonga," akasema. "Akiipitisha hii kazi mara ya kwanza, fomu utatia saini wewe, na kuanzia hapo saini yako imerudi. Akiikataa, unaenda stoo yetu ya Oyugis kuhesabu misumari, na sitaki kulisikia tena hili jambo."

Nilimwambia sawa, mama.

Kufika kule, ardhi ikanionyesha meno. Kiwanda kimekaa juu ya mwamba mweusi. Tulipiga nondo sita, na kila nondo ilishuka kiasi cha mkono, kisha nyundo ikawa inarudi kama imetukanwa. Nikatandaza nyaya za mita, nikachomeka vijiti vyake, nikapima: kumi na tisa. Upande wa nguzoni nikapata kumi na tano. Kiangazi tena. Mwezi wa kuchimba mtaro ulikuwa umekwisha, na siku tatu tu zilikuwa zimebaki kabla ya ukaguzi.

Msimamizi wa saiti, mwanamume mnene mwenye roho nzuri na njia nyingi za mkato, alisikia namba hizo akatoweka. Alirudi na gunia la chumvi kwenye bodaboda.

"Si tumwage kidogo tu," akasema. "Huku ni ziwa. Hakuna ng'ombe."

"Na ile mavi ulikanyaga jana ilikuwa ya samaki?" nikamuuliza.

Vibarua walicheka, yeye hakucheka. Kila siku saa sita ng'ombe wa vijiji vya juu waliteremka kunywa maji ziwani, na walipita hatua chache kutoka kwenye transfoma yetu. Alijua. Alichojua zaidi ni kwamba mkaguzi akipima na kuondoka, yaliyobaki ni ya Mungu.

"Nyar Chumbi, wacha kuringa," akasema. "Wewe ndio mwalimu wetu wa hii maneno."

Hasira zangu ziko karibu, sikatai. Nililivuta lile gunia kutoka mikononi mwake, nikaliburuta hadi kwenye kibanda cha chakula, nikalikalia. Nikasema mbele ya wote kwamba anayetaka chumvi aniondoe kwanza. Hakuna aliyejaribu. Nikaletewa ugali na omena nikala pale pale, juu ya gunia, na ukweli ni kwamba wakati ule sikuwa na mpango wowote mwingine. Nilikuwa na gunia tu na ubishi.

Mama aliyetupikia alikuwa mkali kuliko mimi. Alikuwa akizunguka na sufuria ghafla akasimama, akaelekeza mwiko kwenye sakafu yake.

"Nani ameleta matope kwa jiko yangu?"

Kila mtu alitazama miguu yake. Tulikuwa tumefunikwa na vumbi, si matope. Ni kibarua mmoja tu, mrefu, aliyekuwa amechimba mtaro kule kwenye kona kebo inapopinda, ambaye buti zake zilikuwa na udongo wa kijivu uliogandamana kwenye visigino. Alianza kuomba msamaha. Mama hakumsikiliza. Aliinama, akabandua kipande cha udongo, akakifinyanga kati ya viganja mpaka kikawa kamba nyembamba kama mkia wa panya, akaizungusha kidoleni. Haikupasuka.

"Hii ni ya agulu," akasema.

Agulu ni chungu kwa Kijaluo. Alituambia, bila kuonyesha kwamba ni jambo kubwa, kwamba alipoolewa mama mkwe wake alikuwa mfinyanzi, na kwa miaka mingi walichimba udongo katika ufuo huu huu kabla watu hawajaanza kununua ndoo za plastiki.

"Mlichimba hii wapi?" akamuuliza yule mrefu.

"Kwa kona, mama. Pale chini ya mtaro."

"Basi ni ile ile. Hii haikaukangi. Hata kiangazi ya kuua ng'ombe, ukiingiza mkono inatoka na maji."

Tonge lilinianguka. Mwezi mzima nilikuwa nimeruka mtaro ule ule pale kwenye kona, nikiutazama mwamba wa kiwandani na nguzo ya barabarani, kwa sababu mchoro ulionyesha nondo kwenye ncha mbili. Katikati sikuwa nimepaangalia hata kidogo. Nilisahau gunia, nikakimbia hadi kwenye kona, nikaruka mtaroni, nikachimba kwa mikono. Udongo ulikuwa baridi. Nikaufinya, maji yakanitoka kati ya vidole. Nilipiga yowe, na vibarua wakaja mbio wakidhani nimeumwa na nyoka.

Mpango ulikuja wote kwa pamoja. Nondo za mwambani zibaki, lakini nitaongeza nyingine kwenye udongo wa kona, na nitalaza waya mtupu wa shaba chini ya mtaro wote, sambamba na kebo, ushike kona, ushike kiwanda, ushike nguzo. Ardhi moja, ncha hadi ncha. Nilimpigia mkurugenzi, akamuuliza mkaguzi, mkaguzi akakubali mchoro ubadilishwe. Msimamizi alisema waya wa shaba umekwisha. Nikamwambia Oyugis stoo kuna roli nzima ya waya. Akasema gari halina nafasi ya kwenda Oyugis. Asubuhi iliyofuata nilienda mwenyewe kwa matatu, na kabla ya saa sita nilikuwa nimerudi na roli ile ya waya ikiwa imenilalia mapajani, suruali imepasuka gotini.

Nondo ya kwanza pale kwenye kona ilishuka kama kisu kwenye ugali. Tulipiga nne. Yule kibarua mrefu alipiga nyundo huku akiimba, na kila nondo ilipozama alisema, "Imekubali!" Safari hii sikutumia vibano. Kila kiungo nilikiunganisha kwa kuyeyusha shaba, nikisubiri kipoe, nikikigonga kwa nyundo kusikia kama kimeshika. Kwenye ncha za kebo nilifunga ule utepe wa shaba na zile nyaya za chuma kwenye waya mpya, pande zote mbili, nikakagua kila boliti mara mbili. Kisha nikapima kwenye shimo la kiwandani: tatu na nukta moja. Nikahamisha vijiti, nikapima tena: tatu. Sikumwaga hata tone la maji. Nilikaa chini nikalia mbele ya watu wazima, na sikujali.

Siku ya ukaguzi niliamka nikiwa na furaha mpaka nilipofika saiti. Gunia la chumvi halikuwepo.

Nilipekua kibanda, nikapekua stoo. Msimamizi alikuwa amevaa shati safi na alikuwa akipiga mluzi.

"Gunia iko wapi?" nikamuuliza.

"Wewe ndio ulikuwa umeikalia," akajibu. "Mimi nitajuaje?"

Nikatazama mashimo ya nondo. Udongo wake ulikuwa umetifuliwa, lakini hiyo ingeweza kuwa kazi yetu ya jana. Nilitaka kuuchimbua wote. Hapo hapo gari la mkaguzi likaingia.

Alikuwa mtu wa Mombasa, mwembamba, mwenye kofia na Kiswahili kilichopigwa pasi. Hakutaja Kegonga. Alikagua viungo kimoja kimoja, akavuta waya, akaagiza mita yake mwenyewe itolewe garini. Alipima upande wa nguzoni, akaandika. Alipima kwenye kona, akaandika. Alipima kiwandani, akaitazama mita, akaipiga kidole, akapima tena.

"Mbili na nukta tisa," akasema. "Juu ya jabali. Wakati wa kiangazi." Akanigeukia. "Dada, niambie kweli. Mmetia kitu humu?"

"Hatujatia," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. Nilijua mimi sijatia. Sikujua kama msimamizi hajatia, na nilijua kwamba punje moja ya chumvi katika shimo lile ingenirudisha Kegonga, safari hii moja kwa moja. Mhandisi aliniangalia, nami nikaona anawaona wale ng'ombe.

Ilikuwa saa sita. Kengele zilisikika kwanza, kisha vumbi. Ng'ombe kama thelathini waliteremka kutoka juu kwenda majini, na mbele yao jike mmoja mweusi mwenye pembe iliyovunjika. Mchungaji wao alitaka kuwazungusha mbali nasi. Mhandisi akainua mkono.

"Waache," akasema. "Waache wapite hapa hapa."

Vibarua wote walikuwa kwenye kile kikundi cha WhatsApp, walijua wanachokitazama. Yule jike mweusi alikuja moja kwa moja hadi kwenye shimo la kiwandani, lililokuwa wazi kwa ajili ya kupimwa. Akasimama. Akateremsha kichwa chake kikubwa mpaka pua ikagusa udongo, na nikaona tundu za pua zikifunguka na kufungika. Ulimi ulitoka. Alilamba mara moja, akasimama kidogo kama anafikiri, akapiga chafya juu ya waya wangu mpya, akaenda zake majini. Wa pili alinusa akapita. Wa tatu hata hakunusa.

Kelele zilizopigwa pale sijawahi kuzisikia hata uwanjani. Yule kibarua mrefu alinibeba. Mhandisi alivua kofia, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mita yangu inaweza kudanganywa," akasema, "lakini huyu bibi mwenye pembe moja hadanganyiki."

Mama wa chakula alikuwa ametoka kuona kelele ni za nini. Nikamkimbilia nikamkumbatia, nikamuuliza kama ameliona gunia.

"Si nilichukua," akasema, akishangaa kwamba nauliza. "Wanawake wa samaki walikuwa na mbuta inaharibika, na wewe umekalia chumvi siku nzima kama kuku ya mayai. Niliwapatia wapake samaki."

Msimamizi aliangua kicheko, nami nikaangua, nikamwomba msamaha kwa yale niliyokuwa nimeyafikiri. Alikiri kwamba asubuhi ile alilitafuta gunia hata yeye, na hakusema kwa nini.

Mhandisi aliweka fomu juu ya boneti ya gari. Alijaza namba zake, akatia saini ya mkaguzi, kisha akaigeuza na kunipa kalamu. "Aliyepima", fomu ilisema, na mbele yake kisanduku kitupu. Nilifuta udongo wa agulu kwenye suruali, lakini haukutoka wote. Niliandika jina langu lote, la kwanza, la pili na la baba yangu, kwa herufi kubwa, nikatia saini, na kidole gumba kikaacha alama ya kijivu pembeni.

Msimamizi alichungulia juu ya bega langu.

"Nyar Chumbi," akasema, "umeandika mpaka nje ya kisanduku."

"Kisanduku ndicho kidogo," nikamwambia, nikarudisha kalamu.